Maradhi ya Namba Saba: Namna ya Kutafuta Chanzo cha Tarakilishi Kuzimika Ovyo

Na msimamizi wa chumba cha tarakilishi, Kidato cha Tatu

Mhariri alinitaka niandike juu ya methali za Wadigo. Nikamwomba radhi, nikamwambia kuna deni ninalodaiwa shuleni humu, na deni lenyewe halilipiki kwa methali. Basi nivumilie nikueleze habari za mashine. Hata kama hupendi mashine utapata faida, maana siku moja utakaa mbele ya moja nayo itakuzimikia.

Kila aliyewahi kuingia chumba cha tarakilishi anaijua Namba Saba, ile iliyo kando ya dirisha la upande wa baharini. (Wapo wanachama watakaosema niiite ngamizi, na wapo wa kompyuta. Ugomvi huo tuuachie mdahalo wa Ijumaa.) Tangu shule ifunguliwe Januari 2026 ilishikwa na tabia mbaya. Unapiga chapa zako kwa raha, mara kimya! Giza. Au kioo kinageuka buluu, maneno ya Kiingereza yanapita mbio, halafu inajiwasha yenyewe kama kwamba hakuna lililotokea. Kesho yake kutwa nzima haina neno. Dada mmoja wa Kidato cha Nne alipoteza kazi ya siku sita ya mradi wake wa Karatasi ya Tatu, na mradi huo una alama za KCSE, si mchezo. Alilia hadi akatutia huruma sote.

Hapo kila mtu akawa mganga. Kuna waliosema ni jini wa ule mbuyu wa nyuma ya maktaba. Kuna waliosema ni joto la kaskazi. Lakini wengi walisema virusi, na virusi lazima viwe na mtu aliyevileta. Mvulana mmoja wa Gredi ya Kumi alikuwa ameonekana akichomeka flashi yenye michezo katika Namba Saba. Msimamizi wa chumba ni mimi. Kwa hiyo aliyeandika jina lake katika daftari la makosa ni mimi, kwa mkono wangu, na nikaandika "ameharibu mashine". Akaniambia, "Wallahi dada, nilicheza mara moja tu, sikuharibu kitu." Sikumjibu. Akapigwa marufuku kuingia chumbani na akaambiwa aje na mzazi Ijumaa ya tarehe 20 Februari.

Siku iliyofuata Namba Saba ilizimika mara mbili. Yule mtoto yuko darasani kwao anasoma Jiografia, mimi namwona dirishani! Moyo ukanidunda. Nikaenda kwa mwalimu wetu wa somo la tarakilishi nikamwambia huenda tumemwonea. Akanitazama, akasema, "Mtu akitia sumu kisimani leo, watu hufa kesho hali yeye hayupo. Kutokuwepo kwake si ushahidi." Kweli, sikuwa na la kujibu. Kama nataka kumtoa lawamani, sharti nionyeshe ni nini hasa kinachoiua mashine. Mwalimu akanipa hadi siku ile ya mzazi, na ruhusa ya kuifungua Namba Saba yeye mwenyewe akiwepo.

Dawa ya kwanza haikuwa bisibisi, ilikuwa kalamu. Nilichukua daftari la kurasa 32 nikapiga mistari: tarehe, saa, nani anatumia, anafanya nini, kuna nini kingine kimewashwa karibu, na "imekufa vipi". Huo mstari wa mwisho niliuongeza kwa bahati tu, na ndio uliotuokoa. Kwa maana sisi sote tulikuwa tukisema "imezima", neno moja, kumbe kuna vifo mbalimbali.

Kipo kifo cha taa: mashine inakatika ghafla, feni inanyamaza, hakuna onyo. Hapo fikiria umeme au joto. Kipo kifo cha buluu: Windows yenyewe imegundua kuwa kuna kosa ambalo haiwezi kuendelea nalo, ikaamua kujisimamisha kabla haijaharibu mafaili. Hapo fikiria kumbukumbu, yaani ile mafundi wanaiita ramu, au diski, au programu ndogo zinazoendesha vifaa. Na kipo kifo cha kuganda: picha ipo kiooni lakini kipanya hakisogei. Hicho hatukukipata, kwa hiyo nakipita.

Windows ina tabia ya kujiwasha upya mara tu baada ya kile kioo cha buluu, hata huwahi kusoma. Katika mipangilio ya mfumo, sehemu ya kuanza na kufufuka, kuna alama ya kuiruhusu ijiwashe yenyewe. Mwalimu aliiondoa. Tangu hapo kioo kilitulia tukaweza kunakili jina la kosa. Ni jambo dogo la dakika mbili, lakini bila ya hilo tungekuwa tunakimbizana na kivuli.

Windows pia ina daftari lake la ndani linaloandika kila tukio. Tulipolifungua tulikuta tukio namba 41, Kernel-Power, limejaa tele. Tukashangilia! Tukadhani tumeshika mwizi. Lakini tukio hilo linasema tu kwamba mashine iliwaka upya bila ya kufungwa vizuri. Ni sawa na kwenda hospitali kuuliza ndugu yako ameuawa na nini, ukajibiwa kwamba amefariki. Asante, hilo tunalijua.

Kuanzia Jumatatu tarehe 2 hadi Ijumaa tarehe 13 Februari nilipata vifo 14. Tisa vya taa, vitano vya buluu. Nilipoviona vimejipanga hivyo nikaanza kushuku kuwa hatuna ugonjwa mmoja. Tuna magonjwa mawili katika mwili mmoja, na ndiyo maana kila mganga alikuwa na ushahidi wake.

Tulianza na joto kwa kuwa ni rahisi kulipima. Ukiiwasha mashine na kubofya F2 au Delete mwanzoni kabisa (inategemea mashine), unaingia BIOS, na nyingi zitakuonyesha joto la kichakataji, kile kijiwe kinachofanya hesabu zote. Vingi huvumilia hadi karibu nyuzi 100 ndipo vijizime kujiokoa. Yetu ilikuwa 52, saa nane mchana, jua la kaskazi linawaka. Joto likatoka katika orodha. Hata hivyo tuliifungua tukatoa vumbi, tukitumia brashi ya rangi isiyowahi kutumika, huku tumezuia feni kwa kidole zisizunguke.

Humo ndani, mabibi na mabwana, tulimkuta mjusi kafiri amekauka kama ng'onda. Darasa zima lilipiga kelele. "Huyo! Huyo ndiye jini!" Mwalimu akatusimulia kwamba tarehe 9 Septemba 1947, katika Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, watu wa mashine kubwa iitwayo Mark II walimtoa nondo aliyenaswa ndani ya swichi zake, wakambandika kwa utepe wa gundi katika kitabu chao cha kumbukumbu na kuandika kuwa huyo ni mdudu wa kweli wa kwanza kupatikana. Walikuwa wakitania, kwa sababu mafundi walikuwa wakiita hitilafu "mdudu" hata kabla ya hapo. Basi na sisi tukambandika mjusi wetu katika ukurasa wa tatu wa daftari, na tukaenda nyumbani tukijua tumemaliza kazi.

Kesho yake saa nne asubuhi, kifo cha taa. Nondo wa Harvard alikuwa na hatia, mjusi wetu alikufa bure. Nikamfikiria yule mtoto wa Gredi ya Kumi. Naye alikutwa tu mahali pabaya kwa wakati mbaya.

Sasa njoo kwenye ule mstari wa "kuna nini kingine kimewashwa karibu". Katika vifo tisa vya taa, mara saba niliandika maneno yaleyale: "fotokopi ya ofisini". Chumba chetu kinapakana na ofisi ya katibu muhtasi, na mashine ya kunakili inasikika ukutani. Wiki zile walikuwa wakitoa mitihani ya majaribio. Nikamwendea mama katibu, nikamwamkia, nikamwomba aniandikie saa kila anapoiwasha. Alicheka lakini aliandika. Saa zake na zangu ziliachana kwa dakika moja tu au hazikuachana kabisa.

Sababu yake ni hii. Mashine ya fotokopi ina rola inayopashwa moto ili wino wa unga ushikane na karatasi. Inapoanza kupasha moto huvuta umeme mwingi kwa mpigo, na nguvu katika waya huo hushuka kidogo, hata taa hukonyeza. Umeme wetu wa Kenya ni volti 240. Ndani ya kila tarakilishi ya mezani kuna kisanduku cha umeme, mafundi wanakiita pawa, kinachozigeuza volti hizo kuwa 12, 5 na 3.3. Kisanduku kizima kinatakiwa kuivusha mashine hata umeme ukikosekana kwa kiasi cha milisekunde 16. Mashine nyingine zote chumbani zilikuwa zinakonyeza pamoja na taa na kuendelea na kazi. Ni Namba Saba tu iliyokuwa inaanguka. Kwa hiyo fotokopi ilikuwa inasukuma, lakini mgonjwa ni yule aliyeshindwa kusimama.

Je, virusi? Hapa ndipo nilipopata raha yangu. Alhamisi tarehe 12 tulikuwa tumeanza kupima kumbukumbu kwa programu iitwayo Memtest86, iliyoandikwa kwanza na Chris Brady mwaka 1994. Programu hiyo huwaka moja kwa moja kutoka kwenye flashi. Windows haiwashwi kabisa, diski haisomwi. Tukiwa katikati ya kipimo, mama katibu akawasha fotokopi yake. Pu! Namba Saba ikakatika. Nikaruka kwenye kiti. Windows imelala fofofo, virusi vyovyote vilivyomo vimelala humo humo, na bado mashine imekufa kifo kilekile! Mwalimu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Hili sasa linaanza kufanana na ushahidi."

Lakini mwalimu wetu hapendi neno "linaanza". Jumatatu tarehe 16 tulifanya jaribio la kuhamisha. Tulitoa kisanduku cha umeme cha Namba Saba tukakifunga katika Namba Tatu, ambayo ni ya aina moja na haijawahi kuzimika, na cha Namba Tatu tukakifunga katika Namba Saba. Hatukugusa kitu kingine chochote, na hapo naomba usimame kidogo, msomaji, kwa sababu nilikuwa nimeshafanya kosa hilo. Wiki ya kwanza nilibadili soketi na wakati huohuo nikachomoa ramu na kuirudisha. Siku mbili zikapita kwa amani nisijue kilichosaidia ni kipi, na siku ya tatu ikafa, nisijue kilichoshindwa ni kipi. Siku tatu zikapotea bure.

Jumanne tarehe 17 fotokopi iliwashwa mara nne. Namba Tatu ilizimika mara mbili. Namba Saba haikutikisika. Ugonjwa ulikuwa umehama pamoja na kisanduku. Jumatano tukavirudisha visanduku kwenye mashine zake, na ugonjwa ukarudi nyumbani Namba Saba. Mimi niliona hilo la kurudisha ni kupoteza wakati, lakini mwalimu alisema bila ya hilo mtu angeweza kudai ni bahati.

Kisanduku chenyewe usikifungue kamwe! Ndani yake kuna vitu vinavyoitwa kapasita vinavyohifadhi umeme, na katika nchi ya volti 240 vinaweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Sisi tulikipeleka kwa mzee mmoja fundi, Ukunda. Tulimpa shikamoo, akaitikia marahaba wanangu, akakifungua kwa taratibu zake na kutuonyesha. Kapasita mbili vichwa vyake vilikuwa vimevimba kama mahamri, na moja imetoa ute wa kahawia uliokauka. "Kapasita nzima kichwa chake ni bapa," alisema. Alitueleza kwamba kapasita ni kama pipa la maji uani. Mfereji ukikatika kidogo unateka pipani, mpishi hajui kitu. Pipa likishatoboka, mfereji ukikatika tu, jikoni hakuna maji. Ndani mna majimaji ambayo joto huyakausha pole pole, na mafundi hukadiria kuwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza umri wa kapasita kwa nusu. Sasa fikiria mashine iliyokaa kando ya dirisha la jua miaka yote. Mzee alisema miaka ya mwanzo ya 2000 zilitengenezwa kapasita mbovu kwa wingi, zikavimba katika mashine za dunia nzima, na yeye alikula mkate wake kwa hizo.

Vile vifo vitano vya buluu navyo? Majina ya makosa yalikuwa matano tofauti. Kama kingekuwa kifaa kimoja au programu moja, jina lingejirudia. Majina yakibadilika kila mara, shuku kumbukumbu kwanza. Memtest86 ilipoachwa imalize kazi (mama katibu alitustahi asubuhi moja nzima) ilitoa mistari myekundu. Mashine ina vipande viwili vya ramu. Tukapima kimoja kimoja katika nafasi ileile: kimoja kizima, kimoja kina makosa. Tulipokitazama, ile miguu yake ya rangi ya dhahabu ilikuwa na madoa ya kijani. Chumvi hiyo! Upepo wa bahari tunaoufungulia dirisha ili tupumue ndio unaoleta chumvi na unyevu, na madini hayapendi viwili hivyo.

Tuliisugua miguu hiyo taratibu kwa kifutio cha penseli, tukaipangusa makombo yote kwa kitambaa kikavu, tukairudisha. Ilipowashwa ikalia pii, pii, pii, na kioo cheusi. Nilihisi nimeiua kwa mkono wangu. Kumbe sikuibana hadi mwisho. Ramu inasukumwa kwa nguvu ya kadiri mpaka vile vibanio vya pembeni vilie ta! Tulipopima tena, mstari mwekundu hata mmoja haukutokea. (Kabla ya kugusa ramu chomoa waya wa umeme, na ushike kwanza chuma cha sanduku la mashine ili umeme wa mwilini mwako utoke.)

Ijumaa tarehe 20 mzazi alifika. Ni mama anayeuza samaki wa kukaanga Gazi, na Ramadhani ilikuwa imeingia, amefunga, amekuja kwa matatu juani. Mwalimu alimkaribisha kiti, akamweleza yote, nami nikaonyesha daftari na ile ramu. Aliitazama sana. Akauliza, "Kwa hivyo mwanangu hakuharibu?" Mwalimu akasema hakuharibu. "Na jina lake liko wapi?" Nikaleta daftari la makosa, nikalikata jina mbele yake kwa mistari miwili. Akatikisa kichwa. "Mstari hausemi kitu, mwanangu. Andika kwamba hakuharibu." Nikaandika, nikatia sahihi. Mkono ulikuwa ukinitetemeka kuliko siku ya ramu. Kuhusu flashi yenye michezo, mtoto alifagia chumba siku tatu, na hilo ni haki kwa kuwa sheria ipo ukutani.

Kwa kuwa wengi walisoma jina lake katika daftari lile na wachache walioniona nikilikata, nayasema tena hapa panaposomwa na shule nzima: hakuharibu.

Kisanduku cha mtumba tulikipata kwa shilingi 1,200, kikafungwa Jumanne tarehe 24 Februari. Fotokopi ilipewa soketi ya ukuta wa pili, ambayo haiko kwenye waya wetu. Tangu hapo hadi ninapoandika haya mwezi Mei, kusi inavuma na mvua ya masika inapiga bati, Namba Saba imezimika mara mbili tu, na mara zote mbili umeme ulikuwa umepotea shule nzima. Mara ya pili sikuwepo. Niliikuta imeandikwa katika daftari, tarehe, saa, na katika mstari wa "imekufa vipi": "kama taa, na taa nazo zimezima". Mwandiko ni wa yule mtoto wa Gredi ya Kumi.

Daftari bado liko juu ya meza, limefungwa uzi pamoja na kalamu. Ikikuzimikia, andika saa kwanza, halafu ndipo uniite.